Jibu Lilikuwa Tatu

Kompyuta sita zilikaa ndani ya maboksi ofisini kwa mkuu wa shule tangu mvua za masika hadi vumbi la kiangazi, zikimsubiri mgeni rasmi. Zilipangwa ukutani nyuma ya kiti chake, zikafunikwa kitambaa cha meza chenye maua, na juu ya kitambaa hicho ndipo ilipowekwa trei yake ya chai. Mgeni aliahirisha mara tatu. Kila tulipoambiwa anakuja, wanafunzi walitolewa madarasani wakafyeke majani na kupaka chokaa mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera. Mawe yalipakwa mara tatu. Kompyuta hazikuwashwa hata mara moja.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule hiyo ya kata, wilayani Biharamulo. Nyumbani kwetu ni Ngara, ila kazi ndiyo iliyonipeleka huko, na huo ulikuwa mwaka wangu wa sita. Katikati ya muhula wa kwanza, mkuu wa shule aliniita akaniambia nitafundisha pia somo la kompyuta, kidato cha pili. Nikamwambia sikulisomea.

"Mwalimu, hesabu na kompyuta ni ndugu," akasema. "Utajisomea."

Akanikabidhi kijitabu cha fotokopi. Aliyekitoa hakukiweka sawa kwenye mashine, kwa hiyo upande wa kulia wa kila ukurasa maneno yalikatika na mwisho wa kila mstari ilibidi nibuni. Nilimwomba anifungulie boksi moja tu, nijifunzie kabla ya kusimama mbele ya watoto.

"Hazijakabidhiwa. Nikifungua sasa, mgeni akija atakata utepe wa nini?"

Basi nikafundisha kompyuta kwa chaki. Nilichora kibodi ubaoni. Niliwafundisha watoto hamsini na wawili kubonyeza vitufe vilivyokuwa vumbi jeupe. Nasema haya kwa uchungu, lakini sitaki kujisafisha. Nilikuwa na simu nzuri mkononi, na baadaye niliambiwa kwamba hata simu ile ingeweza kuendesha programu ndogo nilizokuwa nikiziandika ubaoni. Sikujua, na sikumuuliza mtu yeyote. Mwalimu wa hesabu huzoea kuulizwa.

Tulipofika kwenye vigeu nikajiona nimefika nyumbani. Kigeu ni jina unalolipa thamani: unaandika a = 3, na tangu hapo programu ikikutana na a inajua ni tatu. Nikawaambia ni kama tunavyofanya kwenye aljebra. Alama ile ya vistari viwili nilikuwa nimeifundisha miaka yote kwa namna moja: upande wa kushoto na upande wa kulia ni kitu kimoja, leo na kesho. Kijitabu kilikuwa na mfano mwingine, x = x + 1. Niliutazama ule mfano nikaona hauwezekani. Hakuna namba duniani iliyo sawa na yenyewe ukiongeza moja. Nikadhani aliyetoa fotokopi alikata kitu, nikauruka ukurasa kama mtu anavyokwepa mbwa njiani.

Ndipo ulipokuja waraka. Kila shule ipeleke mwanafunzi mmoja, atakayeongoza katika mtihani wa kompyuta wa kidato cha pili, akahudhurie mafunzo ya wiki mbili Bukoba. Mtihani nilitunga mimi, nikausahihisha mimi. Swali la nne lilikuwa na mistari minne tu. Wa kwanza: a = 3. Wa pili: b = a. Wa tatu: a = 10. Wa nne uliiagiza kompyuta ionyeshe b. Nikauliza, itaonyesha nini?

Jibu langu lilikuwa kumi. Nilishaandika kwamba b ni sawa na a, na a sasa ni kumi, kwa hiyo na b ni kumi. Darasa karibu lote liliandika kumi, kwa kuwa ndivyo nilivyolifundisha. Msichana mmoja aliandika tatu.

Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko wenzake, anakaa dawati la pili karibu na dirisha. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi. Baba alishafariki, na mama alikuwa na shamba upande wa Nyantakara. Msichana yule hakuwa mtu wa kelele. Akinyoosha mkono unajua ana jambo.

Siku niliyorudisha karatasi alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Swali la nne umenipa kosa."

"Kwa sababu ni kosa. b ni sawa na nini?"

"Na a."

"Na a ni ngapi?"

"Ni kumi, mwalimu. Lakini tulipokuwa mstari wa pili ilikuwa bado ni tatu. b ikachukua tatu. Ule mstari ulishapita. a ilipokuja kubadilika, b haikuwa na habari."

Wachache walicheka. Hawakumcheka yeye wala mimi, walicheka tu kwa sababu imesemwa vizuri. Mimi nikasikia masikio yamepata moto.

"Wewe kompyuta umeiona wapi?"

"Sijaiona."

"Basi kaa chini."

Hakukaa. Alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Hata wewe, mwalimu, hujaiwasha," akasema.

Sauti yake haikuwa ya ujeuri. Nimeikumbuka mara nyingi, na kila nikiikumbuka naisikia kuwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote. Ndilo lililoniuma. Nilimtoa nje akapige magoti kwenye changarawe mpaka kipindi kiishe. Nikamkata alama tano za utovu wa nidhamu katika mtihani ambao ulishasahihishwa. Kisha nikamwandikia mama yake barua fupi nikisema binti anawabishia walimu. Kwa alama zile tano na zile tatu za swali la nne, akashuka kutoka wa kwanza hadi wa nne. Wa kwanza akawa mvulana mmoja mpole aliyeandika kumi. Jina lake ndilo lililokwenda wilayani. Wahenga walisema hasira hasara. Yangu ilimpa hasara mtu mwingine.

Wiki mbili baadaye mgeni rasmi akapatikana. Gari lake lilikuwa likitokea Rusumo, likaingia kwetu kutokea Lusahunga saa sita mchana. Akakata utepe, akapigwa picha ameshika kipanya cha kompyuta isiyounganishwa na umeme, akala kuku, akaondoka. Hakumaliza saa moja. Kesho yake tulizipanga mashine katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na kijana fundi kutoka mjini akatuwekea programu ya kuandikia programu. Nilikuwa na furaha, sina haja ya kuficha. Nikaleta darasa langu zima. Walibanana hadi mlangoni, wengine wamepanda juu ya stuli.

Nikasema nitaanza na swali la nne, tumalize ubishi. Nikaandika mistari minne polepole, wote wakiona kwenye kioo. Nikabonyeza.

Ikatokea 3.

Nikafuta, nikaandika upya nikihakiki kila herufi. Ikatokea 3. Nikahamia mashine ya pili, nao wakahama nyuma yangu wakikanyagana. 3.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli mbele ya watoto hamsini na wawili. Badala yake nikasema, "Mashine hizi zina hitilafu. Zimekaa sana kwenye vumbi."

Yule msichana alikuwa amesimama karibu na ukuta. Hakutabasamu. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta lake. Kengele ikagongwa.

Walipotoka nilibaki peke yangu mchana ule nikijaribu kila njia ya kuifanya mashine ikosee. Nilibadilisha namba. Nilibadilisha majina. Nikaweka mstari wa b = a mwishoni badala ya katikati, na hapo ndipo ikatoa kumi. Nikaurudisha mahali pake, ikarudi tatu. Mwishowe nikaandika ule mfano nilioukwepa, x = x + 1, nikitanguliza x = 5. Nilitegemea kompyuta ikatae. Haikukataa. Ilisema 6.

Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe hakukunipa raha hata kidogo. Vile vistari viwili havikuwa vikisema kwamba pande mbili ni sawa. Vilikuwa amri. Kokotoa kilicho kulia sasa hivi, upate thamani, uiweke kwenye jina lililo kushoto. Kilichokuwamo mwanzo kimeondoka. Kisha nenda mstari unaofuata, usirudi nyuma. b ilipewa tatu, ikabaki na tatu yake, na haina undugu wowote na a. Mtoto wa miaka kumi na mitano ambaye hajawahi kugusa kibodi aliliona hilo kwa kusoma mstari mmoja baada ya mwingine, kama ulivyoandikwa. Mimi mwenye shahada nilisoma yote kwa pamoja, kwa mazoea, nikampigisha magoti.

Nilimkasirikia aliyetoa fotokopi. Nilimkasirikia mkuu wa shule na kitambaa chake cha maua, maana boksi moja lingefunguliwa mapema haya yote yasingetokea. Hasira hizo zilikuwa za haki, lakini haikuwa kompyuta iliyompeleka yule binti kwenye changarawe.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini. Nikamweleza mkuu wa shule nilivyokosea, nikamwonyesha hesabu ya alama zilivyopaswa kuwa. Mafunzo ya Bukoba yalikuwa bado siku tisa.

"Jina limeshakwenda," akasema.

"Tuandike barua ya kusahihisha. Naiandika mimi, wewe utie sahihi."

"Niseme nini? Kwamba mwalimu wangu wa kompyuta hajui kompyuta?"

"Ndiyo, useme hivyo. Ndiyo kweli yenyewe."

Akavua miwani. "Mwalimu, nisikilize. Huyo binti na watu wake wanapenda ubishi. Ukimpa hili, kesho atakuja kudai lingine. Mwache. Atapata nafasi nyingine mbeleni."

"Watu wake ni akina nani?"

Alichukua karatasi nyingine akaanza kuisoma. Nikatoka bila kuaga.

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilipanda bodaboda hadi njia ilipoishia kwenye migomba, kisha nikatembea. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba akimenya mihogo. Aliponiona alisimama haraka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mwarimu."

Mwanamke yule alikuwa na umri wa kunizaa. Nikamwambia, "Hapana, mama, shikamoo ni yangu." Akaitika marahaba kwa sauti ndogo, akiangalia chini, kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake. Alinitolea stuli. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, kwa hiyo baada ya muda akahamia Kirundi na mimi nikamjibu kwa Kihangaza, lugha ya kwetu Ngara inayofanana na Kirundi, na tukaelewana vizuri kuliko mwanzo.

Nilimwambia yote. Swali, jibu, kompyuta, barua niliyomwandikia. Nilisema binti yake alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea.

Aligeuza muhogo mkononi.

"Ile barua ilinifikia," akasema. "Nilisomewa na jirani. Nikamuuliza mtoto, akaniambia, mama, mimi sikukosea, mwarimu ndiye aliyekosea. Nikampiga."

"Nilimpiga sana," akaendelea. "Nikamwambia mwarimu hakosei. Nikamwambia sisi hapa tumepokelewa, tumepewa karatasi za uraia, hatuwezi kubishana na watu. Yeye akasema, lakini ni tatu, mama. Nikampiga tena kwa hilo. Mimi hata sijui hiyo tatu ni tatu ya nini." Akaweka muhogo chini. "Umwana wanje, mwanangu mwenyewe, nimempiga kwa ajili ya jambo ambalo yeye alikuwa na haki."

"Kosa ni langu, mama."

"Ndiyo," akasema. "Ni lako. Lakini mkono ni wangu."

Binti alitokea nyuma ya nyumba akiwa amebeba kuni. Alizitua, akanisalimu kama anavyosalimiwa mwalimu yeyote. Nikasimama nikamwambia mbele ya mama yake, "Jibu lilikuwa tatu. Ulisema kweli, na mimi nilikuonea. Nisamehe."

"Naomba maksi zangu," akasema.

"Nitakupa."

"Zote nane?"

"Zote nane."

Akaitikia kwa kichwa, akainama kupanga kuni. Hakusema amenisamehe na sikuona kama nina haki ya kumlazimisha.

Jumatatu nilikuwa mwalimu wa zamu, kwa hiyo mstarini zamu ya kusema ilikuwa yangu. Mkuu wa shule alikuwa amesimama kando na walimu wengine. Baada ya matangazo nikasema kwamba katika mtihani wa kompyuta wa kidato cha pili mwalimu alikosea, si mashine. Nikasema mashine hazikuwa na hitilafu, na mimi niliposema zina hitilafu nilidanganya. Nikalitaja swali, nikalitaja jibu, nikamtaja mwanafunzi aliyelipata. Nikasema alama za nidhamu nilizomkata nimezirudisha kwa sababu hakuwa na utovu wowote. Kisha nikaenda kwenye ubao wa matangazo, nikakata orodha ya matokeo ya mtihani ule kwa kalamu nyekundu, nikaandika mpya, nikatia sahihi.

Kabla ya saa nne nilikuwa na barua mezani: nijieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuidhalilisha shule hadharani. Nilijieleza kwa ukurasa mmoja na nusu, na sikuomba radhi kwa neno hata moja. Barua ile imo kwenye faili langu hadi leo.

Haikubadilisha la Bukoba. Yule mvulana ndiye aliyekwenda. Alinifuata kabla ya safari, akaniuliza kama nimemkasirikia. "Mimi niliandika ulichotufundisha," akasema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nikamwambia aende, hana kosa, asome kwa bidii. Aliporudi alituletea vitu vingi vya maana, naye alikuwa mwaminifu, aliwafundisha wenzake wote. Lakini cheti kilikuwa kimoja na kilikuwa chake. Mwaka uliofuata waraka kama ule haukuja tena. Ile nafasi nyingine ya mbeleni aliyoisema mkuu wa shule siijui ilipotelea wapi.

Msichana alikaa darasani kwangu miaka miwili zaidi. Hakuwahi kunyoosha mkono tena. Nikimuuliza moja kwa moja alisimama, akasema, "Sijui, mwalimu," akakaa. Nilijua anajua. Siku moja nilitoa zoezi la kubadilishana thamani kati ya vigeu viwili, cha kwanza kipate kilichomo cha pili, na cha pili kilichomo cha kwanza. Darasa zima liliandika a = b, kisha b = a, na wote wakapata vigeu viwili vyenye namba moja, nyingine imepotea. Nilimuuliza yeye. "Sijui, mwalimu." Niliposahihisha madaftari usiku ule ule, kwake nilikuta kigeu cha tatu, cha kuhifadhia namba ya kwanza isipotee, na mistari yake mitatu ilikuwa sahihi. Aliandika bila kufuta popote.

Niliwahi kuwaza kumwita, nimwambie asiniadhibu. Nikajizuia. Nani alimfundisha kwamba kwenye darasa lile kusema jibu ni hatari? Nilimfundisha mimi, kipindi kimoja tu kilitosha, na alikuwa mwanafunzi mwepesi.

Alimaliza kidato cha nne akachaguliwa kuendelea na masomo ya sayansi mkoa mwingine. Siku alipokuja kuchukua fomu zake nilimkuta nje ya ofisi, amekaa kwenye ngazi akizijaza kwa uangalifu. Mama yake alikuwa pembeni amevaa kitenge kipya. Tukasalimiana. Nikamuuliza binti atasoma nini akifika chuo.

"Bado sijaamua," akasema. Kisha, bila kuinua kichwa kutoka kwenye fomu, akaongeza, "Mwalimu, kile kijitabu cha fotokopi ulichokuwa ukituazima, bado mnakitumia?"

"Ndicho kilichopo."

"Ukurasa wa kumi na tisa una makosa mawili."

Nikamwomba anionyeshe. Akasema gari la kwenda mjini linaondoka saa tano, hana muda, ila nikisoma mstari mmoja mmoja nitayaona. Nikarudi darasani nikakifungua. Kosa la kwanza nililipata siku ile ile. La pili lilinichukua karibu wiki nzima.